Simu Imejaa Video, Mikono Yako Inajua Nini?



Vijana wenzangu, kaka na dada zangu, leo sitawachosha kwa siasa. Nimekuja na jambo la jikoni, la mtaani na la barabarani. Na nataka nianze na aibu yangu mwenyewe, manake si haki nikukosoe wewe kabla sijajikosoa mimi.

Kuna wakati nilikuwa mraibu wa video za kujiokoa. Si mnazijua? Mwanamume yuko peke yake msituni, theluji imejaa kila mahali, ana kisu kimoja tu. Anawasha moto kwa vijiti viwili, anajenga kibanda kwa matawi, anavua samaki kwa uzi wa kiatu. Nilikuwa nakesha nazo. Bando linaisha, nanunua jingine. Maskani nilikuwa ndiye mtaalamu: dubu akikufuata fanya hivi, ukipotea jangwani fanya vile. Wenzangu wananisikiliza wamekodoa macho.

Sasa jioni moja, baada tu ya Maghrib, tukasikia ukelele kwa jirani. Mtoto wa miaka minne alivuta kitambaa cha meza, na birika la chai iliyotoka kuchemka likamwagikia mkono na bega. Nilifika wa kwanza, na nilipofika nikasimama kama mti. Zile video zote, hakuna hata moja iliyonijia. Mama mmoja akaja na unga wa ngano, mwingine akaja na dawa ya meno. Mimi, mtaalamu wa maskani, nikaichukua ile dawa ya meno nikampaka mtoto kwa mikono yangu hii.

Hospitalini, aliyempokea aliuliza swali moja tu: nani amempaka hivi? Hakuna aliyejibu. Ikabidi amsafishe ule unga na dawa ya meno kwanza kabla ya kumtibu, mtoto analia mpaka sauti ikakauka. Alipomaliza akatuambia kwa upole: siku nyingine ni maji tu. Maji ya mfereji yanayotiririka, dakika 20, kisha mlete.

Mfereji ulikuwa hatua tatu kutoka pale tuliposimama.

Yule mtoto leo ni mkubwa, anasoma. Ananiita ami, ananisalimia vizuri kila siku. Na kila akininyoshea mkono naliona lile kovu. Kwa hivyo ninapozungumza leo, msidhani nawahutubia kutoka juu. Nazungumza na wewe ambaye uko vile nilivyokuwa.

Neno langu ni moja. Simu uliyo nayo mkononi inaweza kukufundisha kuokoa maisha, na bure. Lakini haitakufaa kitu mpaka ufanye mambo matatu: ujifunze hatari za mahali unapoishi, upime anayekufundisha, na uyafanye kwa mikono kabla siku haijafika.

Kwanza, hatari za kwetu.

Hebu jiulize, katika mtaa wako watu hufa na nini? Si dubu. Si theluji. Kama unakaa Garissa, Hola au Garsen, unajua Mto Tana ukifurika unavyofanya. Aprili 2024 barabara ya Garissa ilikatika, watu wakawa wanavushwa kwa mashua pale Madogo, na mashua moja ikazama na abiria wake. Mwezi huo huo, alfajiri ya tarehe 29, maji yaliyokuwa yamezuiliwa juu ya Mai Mahiu yaliachilia ghafla yakafagia vijiji watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 40 walikufa. Kama unakaa Mathare, huhitaji mimi nikuhadithie mafuriko ya mwaka ule.

Kama unakaa Embakasi, unakumbuka usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ilipolipuka. Wazee wetu wa Mombasa wanaikumbuka feri ya Mtongwe, 29 Aprili 1994, watu zaidi ya 270 wakazama kwenye maji ambayo ng'ambo yake unaiona kwa macho.

Kisha kuna yale yasiyofika kwenye habari. Mtoto anabanwa na punje ya tende. Mafuta ya sambusa yanashika moto. Bodaboda anagongwa, damu inamtoka mguuni, watu mia wamemzunguka na simu zao wanarekodi. Kijana anaoga baharini mchana anavutwa na maji. Familia inalala na jiko la makaa ndani wakati wa baridi, asubuhi hawaamki.

Basi kabla hujafungua video nyingine, andika orodha yako. Mambo matano yanayoweza kutokea mtaani kwako. Hayo ndiyo utakayotafuta mtandaoni. Mengine ni sinema, tazama ukipenda, lakini usijidanganye kwamba unajifunza.

Ngoja nikuonyeshe jinsi mafunzo ya hatari za kwetu yalivyo mepesi.

Kuungua: maji baridi ya mfereji dakika 20. Mvue pete, bangili na nguo ambayo haijagandamana na ngozi. Funika kwa kitambaa safi au ile karatasi nyembamba ya plastiki ya kufunikia chakula. Usitie barafu, unga, yai wala dawa ya meno.

Moto wa mafuta jikoni: usimwagie maji kabisa. Ukimwaga maji kwenye mafuta yanayowaka, moto unaruka mpaka darini. Zima gesi ukiweza kuifikia, funika sufuria kwa kifuniko au sinia, kisha iache ipoe bila kuifunua. Watu wangapi hapa mamazao wanakaanga viazi karai na bhajia kila siku? Wafundisheni leo.

Ukisikia harufu ya gesi: funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiguse swichi yoyote, hata kuzima, usiwashe kiberiti, halafu toka nje na watu wako.

Damu nyingi: bonyeza. Weka leso au kitambaa safi juu ya jeraha, bonyeza kwa mikono miwili kwa nguvu zako zote, na usiachie kila mara kuchungulia kama imekoma. Kwa damu ya mkononi au mguuni ambayo haikomi kwa kubonyeza, kuna njia ya kufunga kamba pana ya kubana juu ya jeraha, mbali na kiungo, na kuandika saa uliyoifunga. Hiyo usiishie kwenye video, itafute kwa mwalimu akushike mkono. Marekani wana kampeni inaitwa Stop the Bleed, ilianza 2015, lengo lake ni kumfundisha mwananchi wa kawaida kazi hii, na vifaa vyake vya kujifunzia viko wazi mtandaoni.

Mtu amezirai, umemwita haitiki, na hapumui vizuri: mwambie mwenzako apige simu, wewe anza kukandamiza katikati ya kifua. Kwa mtu mzima unazamisha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ni haraka kuliko unavyofikiria, na inachosha, ndiyo maana mnapokezana. Kama alizama majini, pumzi za mdomo nazo ni muhimu sana, manake kilichomwangusha ni kukosa hewa. Na yale mambo ya kumning'iniza kichwa chini ati maji yatoke, au kumkanyaga tumbo, yaacheni. Yanapoteza dakika ambazo hamna.

Kuhusu kumuokoa anayezama, tafadhali usiruke kama hukufundishwa. Mara nyingi tunazika wawili badala ya mmoja. Chukua mtungi mtupu wa lita 20, funga kifuniko vizuri, ufunge kamba, umrushie aukumbatie, umvute. Kila nyumba ya kwetu ina mtungi. Hutaona hilo kwenye video ya mwanamume wa theluji.

Maji ya mafuriko: sentimita 15 tu za maji yanayokwenda kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 60 zinabeba magari mengi. Kwa hivyo dereva wa matatu akikwambia tutapita tu, mmezoea, wewe shuka. Afadhali ucheleweshwe kuliko usifike.

Nyoka: usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana, usitegemee jiwe jeusi. Mtulize, mvue pete na viatu kabla hajavimba, mguu au mkono ulioumwa usitikisike, mpeleke hospitali mbio. Kumfuata nyoka ili umuue umpeleke na yeye ni kutafuta mgonjwa wa pili.

Maji ya kunywa baada ya mafuriko: chemsha mpaka yatokote vizuri kwa dakika moja nzima, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Mtu akiharisha: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Anywe kidogo kidogo huku mnamtafutia kituo cha afya.

Haya, mmeona? Nimezungumza dakika chache tu. Hakuna kisu cha gharama, hakuna begi la kijeshi. Kuna mfereji, leso, sinia, mtungi na mikono.

Pili, pima anayekufundisha.

Kwenye mtandao, mwenye watu wengi wanaomfuata si lazima awe anajua. Kuna ujumbe umezunguka kwenye WhatsApp miaka mingi, unasema moyo ukikushika na uko peke yako, kohoa kwa nguvu mpaka upone. Wataalamu wa moyo wamelikataa hilo. Cha kufanya ni kupiga simu ya msaada na kumwita jirani mara moja. Kuna mwingine unasema mtu akipatwa na kiharusi mchome sindano kwenye ncha za vidole damu itoke. Huo pia ni uongo, na ubaya wake ni kwamba unakupotezea muda. Na mgonjwa wa kiharusi anahitaji hospitali haraka: mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakiparaganyika, usingoje asubuhi.

Sasa jiulize, ujumbe ule ulikuja kwako kutoka kwa nani? Kutoka kwa shangazi, au mjomba, au sheikh wa mtaa, mtu unayempenda. Na wewe ukausambaza kwa nia njema. Nia njema nilikuwa nayo mimi pia siku ile ya dawa ya meno.

Kwa hivyo kila ukipata fundisho la kuokoa maisha, uliza maswali matatu. Nani anasema? Je, ni daktari, zimamoto, Msalaba Mwekundu, Shirika la Afya Duniani, au ni mtu tu mwenye kamera nzuri? Swali la pili, anazungumzia wapi? Mwenye nyumba ya mbao huko Ulaya na mwenye chumba cha mabati Kiambiu hawatoki kwenye moto kwa njia moja. La tatu, ni lini? Huduma ya kwanza hubadilika, na kitabu cha babu yako cha skauti huenda kina mambo ambayo leo yameachwa. Kisha tafuta sehemu nyingine mbili zinazoaminika. Zikikubaliana, hifadhi. Zikipingana, muulize muuguzi au daktari. Kila msikiti wetu una mmoja katika safu, hatujawahi kumuuliza tu.

Hapa kuna jambo nataka nilizungumze wazi, manake nikilinyamazia nitakuwa nimewakosea.

Wewe ni kijana Mwislamu wa Kenya. Unajua macho yanavyotutazama. Na unajua pia kuna watu wabaya kweli, wanaowinda vijana mtandaoni kwa maneno matamu: njoo ujifunze ujasiri, njoo kwenye mafunzo, kuna kundi letu la siri. Mtu akikualika kwenye mafunzo ya kujiokoa na hataki mzazi wako ajue, ondoka. Akikuhamisha kutoka kundi la wazi kwenda la siri, ondoka. Akianza na bandeji akamalizia na chuki na silaha, ondoka, na umwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo. Elimu ya kuokoa uhai haina sababu ya kufichwa.

Na sisi nasi, tukijifunza, tujifunze mchana, mlango wazi. Wazazi wawepo. Kamati ya msikiti ijue. Jirani asiye Mwislamu akitaka kuja, karibu, manake moto ukiwaka plotini hauulizi dini ya mpangaji. Hakuna anayeweza kukunyooshea kidole kwa sababu umejifunza kufunga jeraha ukumbini mbele ya mama yako.

Tatu, na hili ndilo gumu, yafanye kwa mikono.

Kuna watu huniambia: kila kitu ni kadari, ustadh, siku ikifika imefika. Kweli. Lakini wote tunaijua ile habari ya ngamia. Funga kwanza, kisha tawakali. Hakuna hapa anayeacha mlango wazi usiku akasema kadari.

Kutazama hakutoshi. Mtu anaweza kutazama mpira miaka 20 na asijue kupiga penalti. Siku ya hatari, akili inakimbia, na kinachobaki ni kile ambacho mikono imezoea. Ndiyo maana mimi nilisimama kama mti. Kichwa kilikuwa kimejaa, lakini mikono ilikuwa mitupu.

Baada ya lile tukio, tulianza kidogo kidogo, vijana sita tu, kila Jumamosi baada ya Asri. Tunatazama video moja iliyopimwa, tunaizima, kisha tunaifanya. Mwenzetu analala chini, mwingine anamfunga mkono kwa leso. Tunakandamiza mto badala ya kifua, mmoja anahesabu. Mwanzoni tulikuwa tunacheka sana. Dada mmoja anayefanya kazi ya uuguzi akatusikia, akaja akaturekebisha, na kweli karibu kila kitu tulikuwa tunakosea. Tulikuwa tunabonyeza pole pole kama tunakanda chapati. Mnaona? Video haikurekebishi. Mtu ndiye anayekurekebisha. Kwa hivyo mtandao uwe mlango wa kuingilia, usiwe nyumba yenyewe. Ukipata nafasi ya mafunzo ya Msalaba Mwekundu wa Kenya au St John Ambulance, nenda.

Ramadhani iliyofuata, tuko kwenye futari ya pamoja. Mtoto wa kiume wa miaka saba hivi akabanwa na tende. Hakukohoa, hakulia, alinyamaza tu, mikono shingoni, macho yametoka. Mimi nilikuwa ng'ambo ya pili ya mkeka. Kabla sijainuka, msichana wa Kidato cha Tatu, mmoja wa wale waliokuwa wakicheka sana Jumamosi, alishamshika. Akamwinamisha mbele, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Moja. Mbili. Tatu. Tende ikatoka, mtoto akaanza kulia. Kilio kitamu kuliko vyote nilivyowahi kusikia.

Tulimuuliza baadaye, ulijuaje? Akasema: mbona tulifanya. Kama zingefika tano na haijatoka, ningemkumbatia kwa nyuma nibane tumbo mara tano, kisha nianze tena.

Hakusema tulitazama. Alisema tulifanya.

Basi kabla hatujaachana, nakupa kazi ya wiki hii. Usiipende tu hii posti ukapita. Ifanye.

Leo usiku, hifadhi namba. 999 na 112 ni za dharura, 1199 ni ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Tafuta pia namba ya gari la wagonjwa la kaunti yako na ya zimamoto walio karibu. Ziandike kwa kalamu, uzibandike ukutani jikoni, manake simu huzima na mtoto wa nyumbani hana neno lako la siri.

Kesho, pakua vitu kabla ya siku ya shida. Mafuriko yakija, mtandao na umeme ndivyo hutangulia kupotea. Pakua ramani ya mtaa wako itumike bila intaneti. Pakua programu ya huduma ya kwanza ambayo maelezo yake yanabaki ndani ya simu. Piga picha za skrini za yale matano uliyoyaandika. Zoea kufungua taarifa za Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa wakati wa masika na vuli. Na betri ya akiba ya simu, kama unayo, iwe imechajiwa.

Keshokutwa, kusanya vyeti vya familia: kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, pasipoti. Vitie ndani ya mfuko wa plastiki usiopenyeza maji, uweke mahali pa juu ambapo unaweza kuuchukua ukitoka mbio. Piga picha zake uzihifadhi mahali penye neno la siri, si kwenye kundi la WhatsApp la familia. Sisi tunajua vizuri kuliko wengi jinsi kitambulisho kikipotea kinavyotusumbua kukipata tena. Usiache maji yakubebee uraia wako.

Siku ya nne, kaa na watu wa nyumbani dakika 15. Moto ukiwaka, tunatokea wapi? Mlango ukizibwa, njia ya pili ni ipi? Na zile grili za dirisha, funguo ziko wapi? Nani anambeba bibi? Tukitoka tunakutana wapi? Ukisikia mlipuko au risasi nje, nani anakimbilia dirishani? Jibu liwe hakuna. Tarehe 7 Agosti 1998, hapa Nairobi, watu wengi ofisini walisikia kishindo cha kwanza wakaenda madirishani kutazama, na bomu lilipolipuka vioo vikawapata usoni. Wako waliopoteza macho siku ile kwa sababu ya kuchungulia tu. Na lori la mafuta likipinduka, usikimbilie na mtungi. Sachangwan, Januari 2009, zaidi ya watu mia waliungua wakafa kwa sababu hiyo.

Na Jumamosi, chagua jambo moja, moja tu, ulifanye kwa mikono na wenzako watatu. Wiki ijayo la pili. Miezi miwili haitaisha kabla orodha yako yote ya mambo matano haijaingia mikononi.

Vijana, tunalalamika kila mara kwamba msaada huchelewa kufika mitaani kwetu, na tuna haki ya kulalamika, tuendelee kudai. Lakini katika zile dakika kabla msaada haujafika, wa kwanza kufika ni wewe. Daima ni wewe: jirani, ndugu, mpita njia. Siku ile mimi ndiye niliyefika wa kwanza kwa yule mtoto, na sikuwa na kitu. Wewe usifike mikono mitupu.

Mama yako akiwa jikoni sasa hivi, inuka umwambie habari ya sinia na mafuta. Anza na hilo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.